Ndama Mwenye Uso wa Mtu

Vijana wangu mnaosomea mifugo, siku ile mlipokuja kunisalimia hapa nyumbani, yule mrefu wenu aliniuliza kama mazimwi ya hadithi yangeweza kuwepo kweli, yaani yakawa na damu na mifupa kama wanyama wengine. Wenzake walimcheka. Mimi nilijifanya nashughulika na birika, kwa sababu swali lile lina jibu la kuchekesha na lina jibu la pili, na hilo la pili halisemwi mbele ya chai na mihogo ya kuchemsha. Ndiyo maana nimeamua kuwaandikia. Someni yote mawili, msiruke kurasa kama mnavyoruka vitabu vya minyoo.

Nilianza kazi Biharamulo, nikahamishiwa Ngara, na hapa Ngara ndipo nilipostaafu. Kote huko niliitwa Mama Mifugo, hata na wazee wa umri wa kunizaa. Mwanamke anayevua saa, akakunja nguo na kuingiza mkono ndani ya ng'ombe hadi begani, jina anapewa na watu, yeye hachagui.

Aliyenifunza kazi ni Mzee Bathromeo, mkaguzi wa nyama pale machinjioni Biharamulo. Alikuwa Msubi mfupi, mkali, mwenye kikohozi cha tumbaku. Shuleni nilifundishwa majina ya magonjwa. Yeye alinifundisha kuuliza. Ukimletea habari ya mnyama wa ajabu, hakubishi wala hakukubali. Aliuliza tu: anakula nini, ananyea wapi, na mama yake ni nani? Akikosa jibu hata la swali moja, alirudi kwenye maini yake.

Basi siku moja akaja mfugaji wa Kisukuma, Mzee Masanja, amehamia na ng'ombe zake kutoka upande wa Shinyanga. Kofia mkononi, amevurugika. Alisema bondeni anakonywesha kuna joka la vichwa saba, limekula ndama wake.

“Lina matumbo mangapi?” Bathromeo aliuliza.

“Tumbo moja, bwana mkaguzi.”

“Na vichwa saba.”

“Saba kabisa.”

“Mimi nyumbani nina mbwa wawili na sinia moja, na kila siku wanatoana damu. Hivyo vichwa saba vyenye tumbo moja, zamu anapanga nani?”

Masanja alifikiri kwa makini, tena bila kuona utani. “Labda wamezoeana,” alisema.

Tulikwenda bondeni. Hatukuona joka, lakini tuliona kinyesi cheupe kilichokauka, kimejaa nywele na vipande vya kwato. Kinyesi cheupe namna ile ni cha fisi, kwa sababu fisi hutafuna mfupa wote na chokaa hutokea nyuma. Masanja akajenga zizi la miba na hasara ikakoma. Alimheshimu Bathromeo tangu siku hiyo, ingawa moyoni nadhani hakuliacha joka lake.

Masanja huyo huyo ndiye aliyetuonyesha moto. Dume lake la kukokotea plau lilikula majani mabichi yenye umande, tumbo likavimba kama ngoma, likawa linakata roho. Bathromeo alichukua ile sindano nene ya kutobolea, akapima kwa kiganja kati ya ubavu na nyonga, upande wa kushoto, akapiga. Hewa ikatoka kwa mluzi. Masanja alikuwa ameinama pale pale kutazama, sigara mdomoni. Nilisikia “vuu”, nikaona mwali wa buluu umesimama ubavuni mwa ng'ombe, na nyusi za Masanja hazipo. Bathromeo alilipiga lile tundu kwa gunia lenye maji, akakohoa, akasema, “Haya, joka la moto umelipata. Ila linakula majani, na moto limeutoa ubavuni.” Dume lilipona. Msije mkasahau: hewa ya tumbo la ng'ombe inawaka, mwenye sigara asimame mbali.

Kwa hiyo kijana mrefu, moto wenyewe ungepatikana. Kinachokosekana ni mdomo usioungua. Jitu refu kama mkaratusi nalo lina shida ya miguu. Ng'ombe mkuze mara mbili kwa urefu, mara mbili kwa upana na mara mbili kwa kimo, uzito wake unakuwa mara nane, lakini unene wa mfupa wa mguu unaongezeka mara nne tu. Mkuze tena, na mguu utavunjika siku atakayosimama. Ndiyo sababu tembo ana miguu kama magogo na hachezi chezi. Na mtu mwenye mabawa, mchinjeni kuku mtazame kidari chake. Nyama yote ile ni ya kupigia mabawa, na bado kuku akiruka anaishia juu ya paa la jiko. Mtu angehitaji kidari kilichotokeza mbele kama meza, asiione hata miguu yake akitaka kutua.

Hayo ni ya kuchekesha. Sasa ya kazini.

Vitu vya kutisha vinazaliwa. Nimevipokea kwa mikono hii. Nimezalisha ndama mwenye vichwa viwili, mwanakondoo mwenye jicho moja katikati ya paji, na mbuzi ambaye kifua chake hakikufunga, moyo unaonekana ukipiga. Usiku wa siku kama hizo nilikosa hamu ya chakula, sitawadanganya. Lakini katika miaka yote hiyo sijakuta hata mara moja kiungo kisicho cha mnyama yule. Sijakuta unyoya kwenye ng'ombe wala kidole cha mtu kwenye mbuzi. Kila nilichokitoa kilikuwa chake mwenyewe, ila kimezidi, au kimepungua, au mahali pa kufunga hapakufungwa. Mwili unapojengwa tumboni kuna pa kugawanyika na pa kuungana, kila pahali kwa wakati wake, na wakati mwingine panakosewa. Sababu huwa ni ugonjwa wa mama, au sumu ya majani fulani, au ndugu kupandana na ndugu, na mara nyingi hutaijua kamwe.

Na kwa kuwa bado hamjazalisha, pokeeni hili pia. Kabla hamjavuta, tambueni mguu mlioshika. Papaseni viungo viwili vya kwanza: vikipinda upande mmoja, huo ni mguu wa mbele, vikipinda kinyume, ni wa nyuma. Nilimkuta mwenzetu mmoja, msomi, anavuta kwa kamba asubuhi nzima huku akitukana. Alikuwa ameshika mguu wa pacha wa kwanza na mguu wa pacha wa pili.

Ninyi hamwendi tena kwa miguu kama sisi. Mnapigiwa simu, mnatumiwa picha, mnataja dawa mkiwa mmekaa. Sikatai, picha imeokoa ng'ombe wengi. Lakini picha haina harufu, na aliyeipiga ndiye aliyeamua nini kionekane na nini kifunikwe. Nasema hivi kwa sababu ya kilichotokea kati ya vijiji vya Mbuba na Murukulazo, mwishoni mwishoni mwa kazi yangu, na hilo ndilo jibu la pili.

Mbuba alikuwepo mkulima anaitwa Sabas, ambaye wazazi wake walivuka kutoka Burundi wakikimbia vita. Alikuwa na binti, Jenerosa. Nilimfahamu vizuri, maana alikuwa anafuga mbuzi, na akija kwangu kuchukua dawa ya minyoo haondoki bila maswali: kwa nini mbuzi mjamzito asipewe hii, kwa nini ile inapimwa kwa uzito. Nilimpenda. Nilimwambia mara nyingi angesoma mifugo, naye alikuwa akicheka na kuziba mdomo kwa kiganja.

Akaolewa Murukulazo na kijana mmoja, Deo, mpakiaji mizigo kwenye malori pale mpakani Rusumo. Baba yake Deo alikwisha kufariki, mwenye nyumba alikuwa Mama Deo. Familia ya Deo ilitoa inkwano, yaani ng'ombe wa mahari, mtamba mwekundu mzuri sana. Siku Jenerosa alipokwenda Murukulazo, yule mtamba alikuja Mbuba. Baada ya muda wote wawili wakashika mimba, wakipishana majuma machache tu. Na ninyi mnajua kwamba mimba ya ng'ombe ni miezi tisa na siku kidogo, karibu sawa na ya mwanamke. Watu walifanya utani. Jenerosa mwenyewe, tumbo limeshaonekana, aliniuliza siku moja, “Mwenzangu wa Mbuba hajambo, mama? Anatapika kama mimi?”

Mtamba ndiye aliyetangulia kuzaa, akazaa mfu. Ndama hakuwa na manyoya, kichwa kilikuwa kikubwa cha mviringo, taya fupi, macho yametazama mbele. Ulikuwa uso wa mtu, nami nakiri hivyo. Watu wa nyumba ya Sabas waliomvuta waliogopa, wakafanya walichoona ni adabu: wakamfunika kitenge hadi shingoni, kama anavyofunikwa maiti. Hapo ndipo mtu akapiga picha. Kwato zilikuwa ndani ya kitenge, mkia ndani ya kitenge, nje ni uso peke yake.

Picha ile ilikwenda Ngara mjini, ikaenda Rusumo kwenye maegesho ya malori, na madereva wakaichukua wakaenda nayo Kahama na Kigali. “Ng'ombe amezaa mtu.” Deo alionyeshwa na dereva asiyemfahamu, akatambua kitenge cha mama mkwe wake.

Mama Deo alipoiona hakupiga kelele. Alikaa, akafikiri, akalinganisha mambo, na alichokipata kilikuwa na mantiki yake, ndiyo maana kiliwashika watu. Alisema, “Walibadilishana nyumba hawa wawili, na matumbo wamebadilishana. Mtoto wetu amezaliwa Mbuba na ng'ombe. Sasa huyu hapa ndani amebeba nini?” Alilisema mbele ya Jenerosa. Kisha akamwambia kwamba, siku ikifika, asizalie ndani ya nyumba yake.

Mbuba nako walikuwa na lao. Sabas alisema ng'ombe amekuja na laana kutoka Murukulazo, wamchukue na yeye amchukue binti yake. Na katikati ya maneno hayo kulikuwa na msichana mwenye mimba ambayo haijatimiza mwezi wa mwisho, na pande zote mbili zinaogopa tumbo lake.

Mwenyekiti wa kijiji alinipigia simu asubuhi iliyofuata. Sauti ilikuwa ndogo. “Mama Mifugo, tusaidie. Hatujui kama tuchimbe kaburi au shimo.”

Nilichukua boda boda. Nilikuta watu wengi migombani kwa Sabas, Mama Deo na Deo wameshafika, na nusu ya Murukulazo imewafuata kuja kuona. Katekista alikuwa pembeni na kitabu chake cha sala, ameshaombwa asome na bado hajaamua. Ndama alilazwa kivulini, bado amefunikwa kile kitenge.

“Jenerosa yuko wapi?” niliuliza.

“Nyumbani,” alisema Mama Deo. “Na hali ile, aje kuona kitu kama hiki?”

Katika hilo sikuweza kumlaumu. Nilivaa glavu mbili mbili, maana mimba iliyotoka vibaya inaweza kuwa na ugonjwa wa kutupa mimba, na huo unaingia kwa binadamu. Msiwaige wazee wangu walioshika kwa mikono mitupu, wengine wamekufa na homa zisizo na jina. Kisha nikavuta kitenge chote.

Wale wa mbele walirudi nyuma. Nikawaita kwa majina. Nikashika mguu: kwato. Nikashika mkia. Nikafungua mdomo: chini meno yamechomoza, juu ufizi mtupu, kama ndama yeyote aliyezaliwa duniani. Mzee mmoja akasema mtu aliyegeuka nusu naye angeweza kuwa na kwato. Sawa. Nikachukua kisu.

Nilianza na kichwa, kwa kuwa kichwa ndicho kilichokuwa kinawatesa. Fuvu lilikuwa laini kama ganda la boga changa. Nilitoboa, maji yakatoka, maji matupu, yakamwagika kwenye majani ya migomba. Paji likashuka. Lile paji la mtu, lile tulilolitazama sote kwa hofu, likazama polepole, na uliobaki ulikuwa uso wa ndama mwenye taya fupi. Mwanamke mmoja alianza kulia. Deo alisogea karibu bila kuitwa.

Nikapasua tumbo, nikatoa matumbo yake nikayapanga juu ya jani moja baada ya jingine. Hili la kwanza, dogo kwa sababu hajaanza kula majani; hili lenye vyumba vyumba; hili lenye kurasa; na hili la nne, kubwa kuliko yote, la kupokea maziwa. Mwuza supu mmoja alikuwepo, akayataja kabla yangu, mpaka lile linaloitwa taulo.

“Mtu ana matumbo mangapi?” niliwauliza.

“Moja,” walisema.

“Na mbegu ya mtu haishiki kwa ng'ombe, wala mimba haihami kutoka nyumba hadi nyumba kama mpangaji. Kilichoko Murukulazo ni mtoto wa Deo na Jenerosa. Akizaliwa na kasoro, itakuwa kasoro ya mtu, na mtu anapelekwa hospitali.”

Mama Deo alichuchumaa mbele ya yale matumbo. Aliyahesabu kwa kidole bila kugusa, akarudia. Kisha akavuta pumzi ndefu na kusema, “Nimemwambia mtoto wa watu maneno mabaya.” Alilisema kwa sauti ya kusikika, na nilimheshimu kwa hilo.

Nilimwambia Deo ampigie mkewe pale pale. Simu ilikuwa imezimwa, tena tangu jana yake. Picha ilikuwa imemwingia Jenerosa kutoka kwa ndugu zake, kutoka kwa wenzake wa shule, kutoka kwenye kundi la kwaya, kila mmoja akiuliza kama kweli ni kwao, na mwisho akaizima. Nikawaambia vijana walioshika simu juu wapige picha ya matumbo haya manne, waitume kote walikotuma ule uso. Mmoja akanijibu kwa upole kabisa, “Mama, huu ni utumbo tu. Nani ataufungua?”

“Basi nipelekeni Murukulazo,” nilisema. “Sasa hivi.”

Wazee wakakataa. Walitaka kwanza Sabas na mkwe wake wavute pombe ya ndizi kwa mirija kutoka mtungi mmoja, ili maneno ya kurudishiana ng'ombe na binti yafutwe. Deo akiondoka kabla, ni kama amekataa, na ugomvi unaanza upya kwa sababu nyingine. Walisema Jenerosa ataambiwa jioni na mama mkwe wake, kwa heshima, si kwa kukimbiliwa na pikipiki. Hakuna aliyesema kwa ubaya. Walikuwa na furaha, walikuwa wameondokewa na kitu kizito, wanacheka hovyo na kuulizana nani alikimbia kwanza. Nilikaa kwenye kigoda na glavu zangu ndani ya mfuko, nimekasirika, nikisubiri mtungi uletwe, mirija itafutwe, Sabas avute, Deo avute. Mtu mmoja peke yake ndiye aliyekuwa na haja ya yale matumbo manne, na ndiye asiyekuwepo.

Walipomaliza, Deo alinipakia kwenye pikipiki, jua bado liko juu. Njia nzima alikuwa akinipigia kelele kwa furaha kupitia begani, kwamba akiwa wa kike atamwita jina langu la ubatizo, nimwambie ni lipi.

Murukulazo palikuwa kimya. Majirani wote walikuwa Mbuba. Jenerosa alikuwa amekaa kizingitini mwa jiko, amenawa, amebadili nguo, mgongo ameuegemeza kwenye mwimo wa mlango. Midomo ilikuwa myeupe. Tumbo halikuwepo.

“Shikamoo, mama,” aliniambia.

“Marahaba, mwanangu.”

Deo alitaka kumshika, mkewe akainua mkono kumzuia. Hakumtazama. “Kiko migombani, nyuma,” alisema. “Wewe Deo usiende. Aende mama, yeye amezoea.”

Uchungu ulikuwa umemshika mapema, kabla ya wakati wake, hofu ikisaidia. Hakuwa na mtu wa kumwita, na aliambiwa asizalie ndani. Alitoka mwenyewe, akazaa peke yake, akakata kitovu kwa wembe kama alivyoniona nikifanya kwa mbuzi wake. Alikuwa amefumba macho tangu mwanzo hadi mwisho. Alishika sweta la Deo kwenye kamba ya nguo, akakiviringisha chote, kichwa na miguu, akakiweka chini ya majani makavu, akaenda kunawa. Aliniambia kilikuwa kinatoa sauti kidogo, na kwamba hakutaka kuijua sauti hiyo ni ya nini.

Nitawaambia hapa hapa kwamba Jenerosa tulimfikisha kituo cha afya jioni ile na damu ilisimama, ili msisome kilichobaki mkiwa na wasiwasi juu yake. Alipona mwili.

Nilikwenda migombani, nikafungua sweta. Alikuwa msichana, mdogo kwa sababu ya kuwahi, amekwisha kupoa. Nilimsugua kifua, nikampulizia puani, kama nilivyofanya kwa wanakondoo wengi na mara nyingine wakarudi. Hakurudi. Nikamkagua, maana mikono yangu haikujua kufanya kingine: kaakaa, uti wa mgongo, vidole, nyayo. Hakuwa na kasoro yoyote. Muuguzi aliniambia baadaye kwamba mtoto wa umri ule anahitaji joto dakika ile ile, na hata akilipata wengine hawakai. Sijui kama angeishi. Sijui, na sitajua.

Nilimviringisha tena, uso nikauacha wazi, nikakaa chini kidogo kabla ya kurudi. Kijana mrefu, nilikuwa nafikiria swali lako kabla hujaliuliza. Zimwi halikuwepo Mbuba, nilikuwa nimelipasua na kulipanga juu ya majani mbele ya watu. Na bado lilikuwa limefika Murukulazo kabla yangu na limefanya kazi yake yote.

Nilijua ataniuliza. Nilijua pia kwamba neno langu lingetosha. Ningesema hakuwa mtu, hakuna ambaye angenibishia, hata Deo asingetaka kuja kuhakikisha. Jenerosa angelala usiku ule. Angelala akijua hakumwacha mtoto wake kwenye majani. Na kesho yake angeamka akiwa mwanamke aliyezaa ndama, yeye na kila mimba itakayofuata, na mimi ndiye shahidi. Nikisema kweli, nampa kitu ambacho atakibeba hadi kaburini. Nilitafuta la tatu la kusema na sikulipata.

Nilirudi nimembeba, uso wake umeelekea kifuani kwangu, nikapiga magoti mbele ya Jenerosa. Deo alikuwa amekaa chini uani, mikono kichwani.

“Ni nini?” Jenerosa aliuliza.

“Ni mtoto, mwanangu. Ni msichana.”

“Mtoto wa mtu?”

“Wa kwako na Deo. Hana kasoro hata moja.”

Alinitazama kama aliyesubiri nimalizie. Machozi yangu yalikuwa yanatoka, yake hayakutoka. Kisha akaipangusa mikono yake kwenye kanga, mmoja baada ya mwingine, akainyoosha yote miwili.

“Nipe nimwone,” alisema.

Nikampa.